Ketrina Yesaya Haonga, Aliyeambiwa Asisumbue Watu

Mchungaji, wazee, majirani wa Hasamba na wote mliotoka mbali, anayewasomea wasifu huu ni Gibson Haonga, kaka wa marehemu, fundi wa kuziba pancha za malori pale Tunduma. Kamati ya mazishi iliandika wasifu mwingine, mzuri, wa nusu ukurasa. Baba aliusoma, akaukunja, akasema Gibson aandike huu. Atakayekwazika atusamehe baadaye.

Marehemu Ketrina alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 2000 hapa Hasamba, wilaya ya Mbozi, mtoto wa pili kati ya watatu wa Mzee Yesaya Haonga na Mama Dina, wakulima wa kahawa na mahindi. Alibatizwa mwaka huo huo. Alikuwa mtoto wa maswali. Akiwa na miaka sita alimfuata bwana shamba kutoka mche wa kwanza wa kahawa hadi wa mwisho, akimuuliza kwa nini udongo wa bondeni ni mweusi na wa huku juu ni mwekundu, hadi yule bwana akakaa chini na kuomba maji ya kunywa.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 2007 hadi 2013, sekondari ya kata 2014 hadi 2017, kisha kidato cha tano na cha sita mkoani Mbeya, 2018 hadi 2020. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika huko. Kaka yake aliishia darasa la saba.

Mwishoni mwa 2020 alipata kazi Vwawa, katika duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na ofisi za serikali. Wazee waliokuja na fomu za ardhi au za mirathi aliwakalisha kwenye stuli, akawasomea mstari kwa mstari, akawaambia na mlango wa kugonga. Wengi wenu mmekaa kwenye stuli ile. Ni kwenye kompyuta ya duka hilo alikoomba ufadhili, akijaza kati ya mteja na mteja. Julai 2021 alipata nafasi ya kusomea sayansi ya udongo nchini Hungaria, miaka mitatu, kila kitu kimelipiwa. Mliokaa nyuma naomba mlisikie hilo: kila kitu.

Jumamosi tarehe 4 Septemba 2021 tulimuaga hapa hapa uwanjani. Kuku watatu walichinjwa, na watu kumi na mmoja walisimama kumpa nasaha. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga chuo kikuu, lakini hakuna aliyekosa la kusema. Baba mkubwa Sadoki alisema, "Mwanangu, kule wewe ni mgeni. Usiwasumbue wenyeji na shida zako, wasije wakakuona mzigo wakakurudisha." Tukapiga makofi. Shangazi Imelda akasema, "Ukipewa, pokea, shukuru, nyamaza." Makofi tena. Kaka yake ndiye aliyefunga: "Ketrina, vumilia. Usituaibishe." Yeye alikuwa na daftari mapajani, anaandika yote.

Kamati iliandika kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Si kweli. Aliugua miaka miwili na nusu. Januari 2023 alimpigia simu kaka yake. "Kaka, miguu inajaa. Asubuhi viatu haviingii. Na hospitali ya huku sijui hata naanzia kwa nani." Kaka yake alikuwa chini ya lori, dereva anamharakisha avuke mpaka. Akamjibu, "Baridi hiyo. Vaa soksi mbili. Usianze kuwasumbua watu wa watu." Ketrina akacheka, akasema sawa kaka. Wasifu huandikwa kwa kuwataja watu kwa mbali, lakini hapo siwezi kujiita kaka yake. Ni mimi niliyesema.

Alimaliza shahada yake Juni 2024, akarudi Ijumaa tarehe 2 Agosti. Mama alimpita pale uwanja wa ndege, hakumtambua kwa jinsi uso ulivyovimba. Daktari alimpima akasema figo zimekwisha, presha imezila taratibu kwa muda mrefu. Akauliza, "Kule si walikupa bima?"

Ketrina akatoa kadi kwenye begi, ingali imegandishwa kwenye karatasi iliyokuja nayo. "Walinitumia wiki ya kwanza, daktari. Nilidhani nikiitumia watanikata kwenye ufadhili. Nikaona aibu kuuliza."

Daktari akaisoma. Ilikuwa imelipiwa miaka yote mitatu. Nikamuuliza angewahi ingekuwaje. "Huenda vidonge vingetosha," akasema. "Vya presha. Kimoja kila asubuhi."

Msichana aliyewafafanulia fomu watu wa Vwawa alikaa miaka mitatu na kadi ndani ya sanduku, kwa sababu sisi tulimfundisha kwamba kuuliza ni kukosa adabu. Nina hasira. Nina hasira na kila aliyepiga makofi siku ile, na nimeanza na mikono yangu mwenyewe.

Marehemu hakuolewa. Kamati iliandika "hakubahatika kuolewa", tumelifuta. Bahati aliyoikosa si hiyo.

Kwa miezi kumi alisafishwa damu mjini Mbeya, mara mbili kwa wiki. Hakumlaumu mtu. Alifariki hapa nyumbani Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa anamsuka. Upande mmoja ulikuwa bado. Mama aliumalizia kabla ya kuita watu.

Ameacha wazazi wake, Mzee Yesaya na Mama Dina, kaka yake Gibson, na mdogo wake Tupokigwe, aliyemaliza kidato cha sita mwezi uliopita na anataka kwenda chuo kikuu. Jana, msiba huu ukiwa mbichi, watu wawili walimwita pembeni jikoni wakamwambia akifika huko asiwe msumbufu. Kwa hiyo kipengele cha tisa kwenye ratiba, kile cha nasaha kwa wafiwa, familia imekiondoa.

Tupokigwe, simama watu wakuone. Ukifika huko, wasumbue. Uliza hadi wakutoe ofisini, na kesho yake asubuhi urudi uulize tena. Atakayekuambia vingine, mlete kwangu Tunduma.

Ketrina, pumzika wewe kwa amani. Sisi tulioketi hapa tusiipate upesi.