Tumbo la Breki Limepata Arobaini na Moja

Jumamosi asubuhi, upande wa mashariki wa mji wa Buffalo, ukiona nafasi wazi kwenye benchi la mbele ya duka la mikate la Bi Bronia, ujue mwenye nafasi anaumwa au kazikwa. Benchi lenyewe ni la kanisa. Kanisa lilipofungwa, watu waligombea vinara na masanamu, Kabichi akabeba benchi. Hapo ndipo anapokaa na Profesa na Breki, kila mmoja na kikombe chake cha karatasi, wakitatua matatizo ya dunia bila dunia kuwaomba. Kabichi huchachusha kabichi kwa mapipa kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Profesa hajawahi kufundisha hata chekechea. Aliendesha basi la shule, na magazeti aliyoyasoma akisubiri watoto ndiyo yaliyomharibu. Breki, jina lake la ubatizo Kazimir Wrobel, alikuwa fundi wa breki za malori, na Jumamosi hiyo ya Mei yeye ndiye aliyekuwa mada. Majibu ya tumbo lake yalikuwa yameingia kwenye simu.

Alikuwa amenunua kile kiboksi cha kujipimia nyumbani. Unachukua kinyesi kidogo kwa kijiti, unakifunga, unakipeleka posta, na maabara inakuambia ni bakteria gani wanaishi tumboni mwako. Wenzake waliona ni utundu wa mstaafu asiye na kazi. Hawakujua kwamba tangu Februari Breki alikuwa akiona damu chooni, wala kwamba daktari alishamwambia aje aingiziwe kamera, utumbo uangaliwe. Kamera ilimtia hofu kubwa. Kiboksi hakikumtisha, na alijiambia kipimo ni kipimo.

— Arobaini na moja kwa mia! Profesa alisoma simu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Aina za bakteria wako ni chache kuliko za watu wengi. Mzee mwenzangu, tumbo limefeli.

— Limefeli wapi? Breki alijibu. Mimi shuleni nilikuwa napata thelathini ya hesabu, na mama ananiokea keki.

— Tulieni, Kabichi aliingilia. Breki, huo mzigo uliuchukua lini?

— Siku ya Dingus.

Kabichi alijipiga paji la uso.

— Jumatatu ya Pasaka! Mtu kafunga Ijumaa Kuu kwa samaki, Jumapili kamaliza kikapu kizima cha soseji na mayai, Jumatatu yuko barabarani na bia, anamwagiwa maji na kuchapwa vijiti kama ilivyo desturi ya siku hiyo, halafu ndiyo anajipima! Hao si bakteria wako, bwana. Hao ni wageni wa sikukuu.

— Nilichukua asubuhi, kabla ya bia.

— Bia ipi?

— Ya pili.

— Mnaona? Profesa aliinua kidole. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ungengoja mpaka Jumatano, bakteria wote wangekuwa kazini. Lakini kuna jambo zito zaidi. Kikapu chako kilibarikiwa?

— Jumamosi, kama kila mwaka.

— Padri alinyunyiza maji mengi?

— Yule kijana mpya? Alimlowanisha mpaka yule mwanakondoo wa siagi tunayemchonga na kumweka kikapuni.

— Basi kesi imekwisha! Maji ya baraka yamefukuza kila kiumbe kisichobatizwa. Hamsini na tisa kwa mia wamehama. Hao arobaini na moja waliobaki ndio Wakatoliki.

Breki alicheka, na kucheka kukamchoma chini ya kitovu, upande wa kushoto. Akaingiza mkono ndani ya koti kama anayetafuta leso.

— Dawa ni maji ya kabichi yangu, alisema Kabichi. Kikombe kimoja kila asubuhi. Bakteria wangu ni wababe, usiwaone hivi. Juzi juzi wamepasua mtungi, kifuniko kikagonga dari. Ukiwaingiza tumboni, wiki haiishi wameshapindua serikali.

— Na wakishapindua?

— Wataitisha uchaguzi. Mimi sina siri, ndugu zangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo maana mapipa yangu nayaacha wazi.

Profesa akasema hapo umenena. Breki akainamia kahawa yake, maana methali hiyo, hata ikitumika vibaya kiasi hicho, ilimpata penyewe. Hata hivyo alitaka waendelee. Muda wote walipokuwa wakibishana habari za kabichi na padri, aliweza kusahau damu.

Ndipo akatoka dukani Teodora, mdogo wa mke wa Profesa, aliyekuja kutoka Cleveland kuwatembelea. Mkononi alikuwa na mkate wa shayiri nyeusi.

— Karibu ukae, shemeji, Profesa alisema akimsogezea nafasi. Tuko kwenye sayansi.

— Nimewasikia toka ndani. Bi Bronia anauliza kama hiyo kahawa mmeitia kitu.

Wakamweleza yote, wakinyang'anyana maneno: arobaini na moja, Dingus, wageni, ubatizo, mapinduzi. Teodora aliwasikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akamgeukia Breki.

— Na wewe, shemeji, tumbo linakuuma?

Kabichi alifungua kinywa kumjibia, akaishia kunywa kahawa. Profesa aliupandisha ukurasa wa simu kwa kidole, akaushusha, akaupandisha tena. Asubuhi nzima walikuwa wamelichambua tumbo la mwenzao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza hilo.

— Si sana, Breki alianza. Lakini yule mama hakuondoa macho, naye akasema ukweli: Natoka damu, shemeji.

— Daktari anajua?

— Anajua. Aliniita nikaingiziwe kamera. Sikwenda. Nikanunua kiboksi.

Profesa akairudisha simu kwa mwenyewe, taratibu, kwa mikono miwili.

— Unaogopa? Kabichi aliuliza.

— Naogopa sana.

— Mimi waliniingizia mwaka jana, alisema Kabichi, akitazama barabara. Nyie niliwaambia nimekwenda kuvua samaki Ziwa Erie.

— Si ulituletea samaki! Profesa alishangaa.

— Niliwanunua sokoni. Breki, nisikilize. Unalazwa usingizi, unaamka, wamemaliza. Kibaya ni ile dawa ya kuharisha, ya kusafisha tumbo, siku moja kabla, na siku hiyo nitakuja kukaa kwako. Na kule hospitali nitakupeleka mimi.

Jumamosi ofisi ya daktari haifunguliwi, ila simu yake hupokea ujumbe. Breki akaufuta ukurasa wa majibu, akabonyeza namba, akasubiri mlio. Aliongea palepale, wote wakimsikia.

— Naitwa Kazimir Wrobel. Ile kamera, nipangieni siku. Nakuja.