Boneti Nililolifunga Mimi

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya mama yenu lilikuwa kufuta miwani yake kwa upindo wa shati langu, nikiwa nimelivaa, huku akinicheka kwamba nimesimama kama msumari. Kisha akaingia garini, akasema, "Baba watoto, boneti lako linapiga meno, au lina baridi?" Nikamjibu, "Litazoea." Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake. Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena, na ninalowaambia leo lilistahili kusemwa miaka kumi na miwili iliyopita.

Fundi wa bodi hakumuua mama yenu. Mmeacha kumsalimu, wateja wamemkimbia, gereji yake imeota majani, na yote hayo yametokana na kinywa changu. Boneti lile nililifunga mimi.

Mnakumbuka la zamani lilikunjwa na nguzo ya geti. Nilikwenda kwenye yadi ya vipuri vilivyotumika nikiwa na futi ya kupimia na daftari, maana nilikuwa nimefundisha jiometri miaka thelathini na sikuona boneti lingenishinda kwa lipi. Muuzaji aliniambia, "Mwalimu, lete la kwako tulilaze juu ya hili. Magari haya jina moja, mama mbalimbali." Kuuliza si ujinga, nimewafundisha hivyo watoto wa watu, lakini mimi sikuuliza hata ni la gari la mwaka gani. Nilipima urefu, nikapima upana, nikapima kona kwa kona, vikalingana, nikaridhika. Sikupima ndoano inayoingia kwenye kufuli. Ilikuwa imekaa nyuma kwa upana wa kidole.

Fundi aliliweka juu ya gari kabla ya kulipaka rangi, kama inavyotakiwa, akapitisha kidole kwenye mwanya wa kushoto na wa kulia, akafunga, akasikiliza. "Hili silifungi, mwalimu. Kufuli lina hatua mbili, hili linakamata ya kwanza tu. Lirudishe." Kurudi yadini na kukiri kwamba muuza vyuma alijua kuliko mimi kulinishinda. Nikangoja aende kula, nikachukua tupa yake, nikapanua matundu ya bawaba, nikalisukuma, nikaliangusha kwa nguvu mpaka likakaa. Nikaondoka na gari bila kumuaga. Siku ya tatu, kwenye mteremko, lilifunguka likafunika kioo cha mbele chote, mama yenu asione tena barabara.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kimenikuta nimejificha nyuma ya mgongo wa mtu mwingine.

Nipeni maji kidogo. Basi, yatosha.

Wewe kifungua mimba wangu, uliyemtemea mate njiani nami nikakuona nikanyamaza, nenda kwake mchana, watu wakiona, umwamkie kama mzee wako, umweleze haya mbele ya majirani zake bila kunipunguzia hata neno. Wewe binti yangu, kiwanja kinachotazama barabara nimekiandika jina lake, hati imo kwenye kabati la vitabu. Mpelekee, wala usiite fidia, kwa sababu jina la mtu halifidiwi kwa kiwanja. Nyumba ni yenu wawili, msigombane. Siku ya kunizika, akija, asimame mbele pamoja nanyi, asipokuja, msimlaumu. Na mkinunua kitu kilichotumika, hata kama ni mlango tu, kilazeni kwanza juu ya cha zamani, na kikikataa, rudini mkaseme mmekosea. Mungu awape ulimi mwepesi wa kukiri kuliko huu wangu. Awatunze. Radhi yangu mnayo, yote.

Pumzi inakatika. Limebaki moja.

Asubuhi iliyofuata ile ajali, fundi alikuja kutoa pole. Alinishika mkono, akaniinamia sikioni, ninyi mkadhani ananiliwaza. Alisema, "Watoto wasijue, mwalimu. Mimi sitasema." Nikauvuta mkono wangu. Nikapaza sauti, ili kila aliyekuwa sebuleni asikie, nikasema yeye ndiye aliyelifunga.