Imbwa Mukimbizi

Bapapa na bamaman, nimesimama, lakini nikichoka nitakaa, mutanivumilia. Masomo yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo musingojee maneno ya kupangwa.

Mulisema leo kila muntu aeleze pahali alianguka na namna alisimama. Bon. Mimi nilianguka hapa hapa, katika hii salle ya mikutano yetu, karibu na ile radiateur ya kupasha nyumba yenye haijawahi kupata moto, nikiwa na micro ya kusemea mukononi.

Nianze nyuma kidogo. Bibi yangu, mama wa watoto, alipokufa, nilibakia peke yangu kule mutaa wa Schaerbeek, hapa kwa Wabelge. Nilikuwa ninaamka, ninaangalia tram inapita, ninalala tena. Chakula nilikuwa ninakula ndani ya sufuria, nimesimama. Musicheke, kuna wengine humu wanakula vile na mabibi wako nyumbani.

Chini yangu aliishi madame mumoja Mubelge, muzee kama mimi, kiuno kinamusumbua. Siku moja akaniita kwenye ngazi: «Monsieur, unaweza kunitembezea imbwa?» Mimi, muntu wa Uvira, kutembeza imbwa na kamba? Kwetu imbwa inajitembeza. Lakini sikukuwa na kazi ingine, nikakubali.

Ile imbwa ilikuwa ndefu, nyembamba kama imefunga Ramazani na Kwaresima pamoja, na muguu mumoja wa nyuma umepinda. Madame akanieleza: kule Irlande wanazifuga kwa mashindano ya mbio. Watu wanaweka pari ya pesa, imbwa zinafukuza sungura ya kitambaa. Ikivunjika muguu, inatupwa ao inauawa. Yake iliokotwa. Nikamuuliza: «Na ile sungura, inaikamataka siku moja?» Akasema hapana. Ile jibu ilikaa ndani yangu, sijui juu ya nini.

Donc, siku za samedi, jumamosi, nikawa ninasimama na madame na wenzake mbele ya bunge la Ulaya, tumeshika kitambaa chenye maandishi ya kuomba ile mashindano ikatazwe. Wakubwa wanapita na mikoba yao, hawageuke. Kitambaa kinalowana. Lakini nilikuwa na pahali pa kwenda, munasikia?

Alors, dimanche moja, hapa kwenye mukutano wetu wa jumapili, mukanipatia nafasi ya matangazo. Nikatafuta namna ya kusema kwa Kiswahili imbwa yenye kukimbia kwa mashindano. Kichwa ikanipa neno moja tu. Nikasema: «Wapenzi, ninaomba mutusaidie kutetea imbwa wakimbizi.»

Ndugu zangu, humu ndani nani hakukuwa mukimbizi? Nani hakupanga mustari mbele ya ile ofisi ya makaratasi? Papa mumoja akasimama, yuko hapa, simutaji, anaangalia viatu vyake. Akasema: «Wenye kutufukuza kwetu walituita imbwa. Sasa wewe pia?» Nilitaka kusema ya mbio, papa, imbwa ya mbio, lakini nilichelewa. Mukanipokonya micro.

Kutoka siku ile, muntu akiniona sokoni, anaanza kuchagua vitunguu vyenye hataki kununua. Niliogopa jambo moja: bibi yangu mulimuimbia kwenye mazishi mupaka sauti zikakauka. Mimi nikifa, nani ataimba?

Samedi moja ya mvua, madame alikuwa hospitali, wenzake hawakukuja, nilibakia na imbwa tu mbele ya bunge. Maman mumoja wa humu alikuwa anatoka kusafisha maofisi. Akasimama mbele yangu.

«Tonton, ndiyo hii imbwa ya matusi?»

«Ndiyo hii.»

«Na huu muguu?»

Nikamueleza yote, pole pole, hata neno lenye nilikuwa ninatafuta.

«Kumbe inakimbizwa, haijui juu ya nini, na ikivunjika inaachwa njiani?»

«Ndiyo, maman.»

Akaangalia imbwa, mvua inamunyeshea. «Basi ni mukimbizi. Wewe ulikosa tu kueleza.» Akashika kitambaa upande wa pili.

Dimanche akawaambia hapa: «Huyu muzee hajui Kiswahili, lakini hakututukana.» Na ile papa wa viatu, samedi yenye ilifuata, akaniletea thermos ya chai. Hakusema pardon. Alisema: «Nimeweka sukari mingi.» Ilitosha.

Sitawadanganya. Mashindano bado inaendelea. Imbwa nilibakia nayo, ikakufa kwa uzee, kwenye tapis, zulia yangu. Madame yuko kwenye nyumba ya wazee, ananisahau jina. Mimi mwenyewe nimechoka, ile uchovu yenye usingizi haimalize.

Aksanti maman. Aksanti papa wa chai. Aksanti ninyi wote wenye mulirudia kunisalimia. Ninawaachia hii tu: muntu akisema neno baya, mumuulize kwanza ni neno gani alikuwa anatafuta.

Samedi nitakuwa kule tena, mbele ya bunge. Mwenye atapita, asiniletee chai, nimekatazwa sukari. Aniletee kiti.