Nne na Pindo la Suruali

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, naomba radhi kabla sijaanza, kwa sababu historia hii nitaisoma vibaya, wasomaji wazuri wa familia hii wote wanalia, nimebaki mimi, kitinda mimba wa nyumba yetu, mwenye sauti iliyolelewa kwenye majukwaa ya vichekesho na maikrofoni za harusi, kwa hiyo nikiteleza nikawaambia mmpigie makofi bwana harusi, mnisamehe, na mkipiga si vibaya, anastahili.

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha mbao, mtoto wa kwanza kati ya sita, baba akiwa mpasua mbao kinuni na mama akiwa mwenye sauti pekee mtaani iliyoweza kushindana na msumeno, naye mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakuwahi kulia kwa sababu ya kelele za mashine, alikuwa akilia ikizimwa.

Alisoma shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, ambako hesabu za sehemu zilimtesa mpaka mwalimu wake alipoingiza baiskeli darasani, akaipindua miguu juu, akamwambia ahesabu meno, arobaini na nane kwenye kanyagio, kumi na sita nyuma, halafu akamwambia azungushe kanyagio mara moja, gurudumu likazunguka mara tatu, na tangu siku hiyo kaka hakuona tena hesabu ubaoni, aliona meno, akaendelea na shule ya ufundi mwaka 1967, akamaliza mwaka 1970 akiwa wa pili, wa kwanza alikuwa binamu wa mkuu wa shule, hayo tuyaache.

Tarehe 2 Januari 1971 aliajiriwa kuwa fundi msaidizi katika karakana ya idara ya barabara, akatumikia hapo hadi alipostaafu tarehe 31 Agosti 2007, na ni huko alikopewa jina la Bwana Difu, kwa sababu ya mapenzi yake kwa lile boga la chuma lililo katikati ya ekseli, ambamo nguvu ya injini inageuka kwenda kwenye magurudumu, wenzake walipenda injini kwa kuwa injini inanguruma na mtu anasifiwa, yeye alisema injini ni mdomo, difu ndiyo miguu, na hakuna aliyewahi kufika kwao kwa mdomo, ingawa nilimwambia mimi nimefika pengi.

Mwaka 1981 karakana iliacha gari moja la mizigo, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, bodi yake ya mwaka mmoja, ekseli ya mbele ya mwaka mwingine, ya nyuma hakuna aliyejua imetoka wapi, kaka akaliomba, akalivuta kwa mnyororo mpaka kibandani kwake, akaliita Shangazi, kwa kuwa lilikuwa linalalamika njia nzima lakini halikosi kufika kwenye shughuli ya mtu, na ndilo lile mnaloliona nje, limeoshwa, likisubiri kumpandisha mwenye mali kwenye kilima cha makaburi, kilima ambacho sote tunakijua udongo wake ukiloa, gari la maiti la kukodi huishia chini pale kwenye mtaro.

Shangazi lilikuwa na ugomvi ndani yake, likivuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake linakwenda vizuri, ukiunganisha na ya mbele kwenye ardhi kavu, matairi yanarukaruka na sanduku la gia linachemka, kama watu wawili wanaobeba kabati, mmoja anatembea na mwingine anakimbia, kaka akajua kwamba difu mbili hizi hazina hesabu moja, ila vibati vinavyofungwa kwenye difu kutaja meno yake, cha mbele kilikuwa kimeshadondoka, na cha nyuma hakukiamini, kwa kuwa mafundi hubadilisha vya ndani wakaacha kibati kilekile, kama mtu aliyehama akaacha jina lake mlangoni.

Ilibidi kuhesabu, na kuhesabu ni kazi ya watu wawili, unainua tairi moja kwa jeki, tairi la upande wa pili linabaki chini, unaweka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela, ule mtaimbo mrefu unaoleta nguvu kwenye difu, mmoja anazungusha tairi mara mbili kamili, mwingine analala chini na kuhesabu propela imezunguka mara ngapi, nasisitiza mara mbili, kwa sababu wengi huzungusha mara moja, wakapata nusu ya jibu, wakaenda madukani kutafuta kitu ambacho hakuna kiwanda kimewahi kukitengeneza, na marafiki wa kaka wote walishindwa kazi hiyo, si kwa ujinga, kwa maneno mengi, wanafika ya pili wanaanza kusimulia mpira.

Siku hiyo akatokea fundi cherehani wa jirani, binti mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni, amekuja kugomba kwa sababu moshi wa Shangazi umeingia kwenye mashati meupe ya wanafunzi aliyoyaanika, akagomba mpaka akamaliza, kaka akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama anaweza kuhesabu bila kuongea, binti akasema ndiyo kazi yake kutwa, akatoa chaki yake bapa ya kukatia nguo, kwa kuwa ile ya kaka aliiona nene, akatandika gunia, akalala chini ya gari la mwanamume aliyekuja kumgombeza, na alipotoka alisema maneno ambayo familia hii inayajua kama wengine wanavyojua jina la ukoo wao, "Nne na kidogo," kaka akauliza, "Kidogo kiasi gani?" naye akajibu, "Kama pindo la suruali."

Kaka akajua papo hapo kwamba difu ya mbele ni nne nukta moja, meno arobaini na moja kwa kumi, na ya nyuma walipoihesabu ilikuwa haifiki hata nne, ikabidi kuchagua moja imfuate mwenzake, marafiki wakamshauri afuate ile ya hesabu ndogo ili gari likimbie, yeye akafuata ile kubwa, ya mbele, propela izunguke mara nyingi zaidi kwa kila hatua ya tairi, gari liende polepole lakini lipande likiwa na mzigo wake, na hivyo ndivyo alivyowashauri wateja wake wote hadi uzee, hakuwahi kumwuliza mtu anataka mbio kiasi gani, aliuliza, unabeba nini, na mlima wa kwenu ukoje, na mchota maji aliyefunga matairi makubwa kwenye gari lake akalalamika kwamba gari limepoteza nguvu, alimwambia umelivalisha viatu vya kaka yake, sasa linapiga hatua ndefu kwa mapafu yaleyale, lete difu ya meno mengi lipumue.

Yeye na yule fundi cherehani walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1982, wakabebwa na Shangazi, na keki iliyoletwa kwa baiskeli iliwapita njiani, wakaikuta imeshakatwa, Mungu akawajalia watoto watatu, binti mkubwa ambaye ni dereva wa lori na ndiye atakayeshika usukani leo, mwanawe wa kiume ambaye ni muuguzi, na binti wa mwisho ambaye ni mwalimu wa hesabu, wote walijifunza kuhesabu wakiwa wamelala kwenye gunia lile, na mpaka leo nikisikia harufu ya oili ya gia iliyochanganyika na ya nguo mpya iliyopigwa pasi, narudi kwenye kibanda kile, redio imetundikwa msumarini, shemeji anashona mlangoni, kaka anaimba wimbo ambao maneno yake hakuwahi kuyajua, na mimi nimekaa juu ya ndoo nikifikiri watu wale hawatazeeka.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka, akawa anatibiwa hospitalini na kurudi nyumbani, na Novemba mwaka jana difu ya nyuma ya Shangazi nayo ikavunjika meno, gari likawekwa juu ya mawe, hapo ndipo nilipomwona kaka akinyong'onyea kwa mara ya kwanza, kwa kuwa alikuwa ametwambia kitu kimoja tu, kwamba siku yake ikifika apande kilima kwa magurudumu yote manne, asivutwe kwa kamba kama jiwe.

Januari tukapata ekseli nzima kwa muuza vyuma chakavu, kibati chake kinasema nne nukta moja, tukaifunga, kaka akasema kibati ni porojo, hesabuni, tukasogeza kitanda dirishani, shemeji akazungusha tairi kwa kuwa magoti yake hayakumruhusu tena kulala chini, mimi nikavaa suruali ya kazi ya kaka nisichafue yangu, nikaingia chini na tumbo langu na ile chaki bapa, nikatoka nikatangaza, nne na kidogo, na kutoka dirishani ikaja sauti nyembamba, "Kidogo kiasi gani, mdogo wangu?" nikamwambia, "Kama pindo la suruali," akamtazama mkewe, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Basi. Mwageni oili."

Alifariki nyumbani kwake, Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule daktari aliyekuja kumpima moyo akajikuta anaelezwa kelele za gari lake, tunawashukuru majirani mliovumilia moshi kwa miaka mingi, na wenzake wa karakana mliokuja leo na masinia ya spana kana kwamba mmeitwa kazini.

Kaka, tairi limesimama, alama ya chaki imerudi juu, pumzika kwa amani, breki ya mkono umeshaivuta.

Sasa tunaelekea kilimani, na tangu ekseli ile ifungwe hatujawahi kuunganisha magurudumu ya mbele, kwa kuwa marehemu alikataza kujaribu kwenye ardhi kavu, na mvua imenyesha jana, kwa hiyo leo ndiyo mara ya kwanza, na Shangazi likigoma katikati ya kilima, msimlaumu marehemu, alichagua vizuri, wala shemeji, alizungusha mara mbili kamili, wala binti, anaendesha kuliko sisi sote, kamba iko chini ya kiti na wa kwanza kuivuta ni mimi, kwani kweli nilisema pindo la suruali, ila suruali yenyewe ilikuwa yake, yeye alikuwa mrefu, mimi ndiye huyu mnayeniona, na pindo nililolikunja lilikuwa limefika magotini.