Matanga ya Mtu Anayepumua

Eustadia, ambaye kwa aibu yake alizoea kusikiliza kuliko kusema, alibanwa kwenye benchi la daraja la tatu kati ya watu wawili wasiojuana. Treni ilikuwa imetoka Tabora. Mwanne, mama muuza vitumbua, alikuwa akimsimulia mzee mmoja habari za kijana aliyefungwa kwa kuwashawishi wenzake wakatae kulima bure shamba la mwanangwa, mkuu wa kijiji chao.

"Tukaona tumwekee matanga. Tumetandika mikeka mbele ya mahabusu, tunapika na kulia pale pale. Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, alipopita alivua kofia, akidhani kuna maiti."

Eustadia alificha kicheko kwenye kanga. Mzee hakucheka.

"Mnamlilia mtu aliye hai? Huo uchuro, mama."

"Shikamoo yako nilishakupa, baba, sasa nisikilize. Tukienda kudai tunachapwa viboko. Nani atawachapa wafiwa?"

"Wewe ni wa ukoo wao?"

"Hata dini si moja. Wao wanaimba, sisi tunasoma dua."

"Na mama mzazi amekubali mwanawe aliliwe hai?"

"Imakulata? Ndiye anayeanzisha kilio kila alfajiri."

Mzee alishika ukingo wa benchi. "Imakulata ni mke wangu," alisema polepole. "Mimi natoka machimboni Geita. Sikujua hata kama mtoto amefungwa."



Treni ikasimama Goweko. Watu wakashuka. Mzee alibaki amekaa, akamuuliza Eustadia, "Sasa mimi nikifika pale, nikae mkekani na wafiwa?"