Namba ya Kiganjani

MWANATUMU: Haloo? Nani mwenzangu?

MBARUK: Mimi, mumeo. Niko Kilifi, kwenye simu ya posta. Hujambo?

MWANATUMU: Sijambo. Shuleni kwenu hawajambo?

MBARUK: Hawajambo. Mbona sauti yako—

MWANATUMU: Na mwalimu mwenzio, Jedida, hajambo?

[Laini yakwaruza.]

MBARUK: Jedida kafanyaje?

MWANATUMU: Nimefua shati lako la Ijumaa. Mfukoni mna karatasi. Moja, nne, mbili, nane, tano, saba.

MBARUK: Aa, hiyo hesabu tu—

MWANATUMU: Hesabu tu! Namba uliyoniposea? Somo yangu aliyenifunda alinichorea kiganjani kwa piko, ile hina nyeusi, siku ya harusi, mashangazi wakadhani—

MBARUK: Punguza sauti, uko nyumba ya watu.

MWANATUMU: Bi Kuluthumu na asikie, simu ni yake! Ajitia kuchambua mchicha. Ulinambiaje? "Izidishe kwa mbili, kwa tatu, hata sita, tarakimu ni zile zile, zazunguka tu. Nami nizunguke vipi, nitarudi." Mimi niliyekuwa nikikushinda hesabu darasani, nikaacha masomo kwa namba hiyo!

MBARUK: Na si narudi kila Ijumaa?

MWANATUMU: Warudi na mwandiko wa mwanamke mfukoni. Wino wa kijani. "Mwalimu Mbaruk, umejaribu kwa saba?"

MBARUK: Tulikuwa twasahihisha mitihani, nikamwonyesha—

MWANATUMU: Ukamwonyesha yangu! Roho yaniuma, Mbaruk, sikufichi. Nimeizidisha kwa saba, kwa mkaa, sakafuni. Tisa tupu zimejipanga, zote sita. Hata tarakimu yetu moja haikusalia. Na ndoa yetu huu mwaka wa saba. Ulijua?

MBARUK: Nilijua tangu zamani.

MWANATUMU: Ukanificha.

MBARUK: Ningeisemaje siku ya posa? Sikiza, sarafu zaisha. Zidisha kwa nane.

MWANATUMU: Nane ya nini tena?

MBARUK: Zidisha, wallahi. Una kalamu?

MWANATUMU: Kichwa ninacho. [Anahesabu kwa kunong'ona.] Moja, moja, nne, mbili, nane, tano, sita. Saba yetu imetoroka, na kuna moja ya kigeni imejitia mbele.

MBARUK: Hiyo ya mbele iondoe. Kaijumlishe kule mwisho.

MWANATUMU: Sita na moja... Mbaruk.

MBARUK: Naam.

MWANATUMU: Ni ile ile.

MBARUK: Si nilikwambia? Yapotea kidogo, kisha yarudi.

MWANATUMU: Imerudi. [Anacheka.] Na hii ya nane, umeijua lini?

MBARUK: Haloo? Laini mbaya—

MWANATUMU: Wanisikia. Nani alikuonyesha?

MBARUK: Mke wangu, sarafu ya mwisho hii, tutaonana Ijumaa, inshal—

MWANATUMU: Kwa wino gani, Mbaruk?

[Simu imekatika.]