Mama Nukta Anakabidhi Daftari la Joto

Katika ofisi hii hakuna mwenye bahati kama mimi, dereva wenu. Siku wafanyakazi wote walipoitwa kusaini ile karatasi dhidi ya Mama Nukta, gurudumu lilinipasukia njiani, nikaponea hapo. Bahati nyingine mtu huzaliwa nayo.

Mama Nukta anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi katika kituo chetu cha hali ya hewa. Jina tulimpa sisi, maana ukimwambia leo ni nyuzi thelathini na moja, atakuuliza nukta ngapi. Hata mumewe akiaga kwamba anarudi baada ya dakika tano, huulizwa hivyo hivyo. Mimi nimeendesha wakubwa wa kila aina na kulala hoteli zenye lifti, lakini mtu wa kwenda kusoma kipimajoto kila asubuhi, mvua, homa au msiba, sijamwona mwingine.

Mwaka ule wa mradi wa bwawa, daftari lake lilionyesha joto linapanda mwaka hadi mwaka. Mkubwa mmoja akaja kutoka wizarani na amri: miaka tisa yote ishushwe nyuzi moja, ripoti ya bwawa isomeke vizuri. Mama Nukta hakubisha. Alishika kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja kwenye kila namba, ya zamani ikabaki inasomeka, akaandika mpya juu yake, na pembeni: "kwa amri ya", kisha cheo cha mkubwa. Kurasa mia moja na nane.

Mkubwa alipofungua daftari alitoka jasho ambalo hakuna kipimo chetu kingelifikia. Akataka kujua kwa nini hakufuta. Akajibiwa kwa upole, "Kanuni ya kituo, mheshimiwa. Kosa halifutwi. Linapigwa mstari, na aliyelifanya anaandikwa."

Ndipo ikatungwa karatasi kwamba aliliharibu daftari kwa utashi wake. Akahamishiwa stoo, miaka sita ya kugawa mifagio na sabuni. Aliporudishwa, watafiti walizikuta namba zake za awali mahali pake, na ndizo wanazotumia hadi leo.

Hakumnunia mtu. Asubuhi ya kwanza ya kurudi alipanda gari langu, akaulizia miguu ya mama yangu, akanimiminia chai ya chupa yake.

Asante, Mama Nukta. Wajukuu wakuchoshe vizuri, asubuhi zikukute bado umelala, na afya yako isishuke hata nukta moja.

Gurudumu halikupasuka. Saini ya tatu kwenye ile karatasi ni yangu, na yeye aliiona.